Mlango wa Akiba

Tangu Bi Asmahani apoteze sauti, mtaa wetu wa Isevya umejifunza kunong'ona. Si kwa umbeya, ingawa umbeya nao hatuna uhaba wake. Ni kwamba ukizungumza na mtu anayenong'ona, na wewe unajikuta umeshusha sauti bila kuamrishwa. Muuza mkaa, ambaye kelele zake hufika dakika tano kabla ya baiskeli yake, akisimama mlangoni pa Bi Asmahani husema "mkaa, mama, mkaa" kwa siri, utadhani anauza bangi. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa shikamoo ya kunong'ona, akaniitikia marahaba ya kunong'ona, tukabaki tunatazamana kama wezi wawili.

Namsimulia kama ninavyomjua, na ninamjua vizuri kwa sababu alinishinda. Naitwa Nurdini, fundi wa kompyuta, na kibanda changu kiko nyumba nne kutoka kwake. Wengine wamewahi kunishinda pia, lakini hao niliweza kuwasingizia.

Bi Asmahani ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo anayoishi, mtoto wa fundi majoho, akasoma hadi kidato cha nne enzi ambazo binti wa hapa akifika huko majirani walikuja kumtazama. Akaolewa, akafiwa, akabaki na cherehani. Siku hizi anadarizi kwa mashine ya umeme: maua anayachora kwenye laptop aliyopewa na mwanawe Issa, aliyeko Dodoma, kisha mashine inayashona yenyewe huku yeye akiisimamia kwa jicho kali. Kwa kazi hiyo sauti haihitajiki. Tezi la shingo lilipokatwa na sauti ikabaki huko huko, angeweza kusema alhamdulillah na kuendelea na maua yake.

Balaa ni kwamba Bi Asmahani ni somo pia. Kwa asiyejua, somo ndiye anayemfunda bibi harusi chumbani siku za mwisho kabla ya ndoa, na mafunzo yenyewe yamo ndani ya nyimbo. Huko uani wanawake hupiga ngoma kwa nguvu, na maneno huimbwa chini ya ngoma, ili sisi tuliokaa mbele ya nyumba tusikie mdundo tu na kutoka patupu. Somo ndiye anayeanzisha, wengine hupokea. Nyimbo zake alifundishwa na marehemu Bi Tunu, na Bi Tunu alizipata kwa bibi zake, ambao inasemekana walizibeba kwa miguu katika njia ya misafara, kipande kutoka pwani, kipande kutoka Ujiji, vikashonwa hapa Tabora. Inasemekana, nasema, kwa sababu mwanamume hajawahi kuzisikia.

Yaani, hakuna aliyezisikia akabaki salama. Anayekamatwa akichungulia ngoma ya ndani hutozwa faini ya jogoo, na lazima ambebe mwenyewe mkononi, mchana kweupe, bila kapu wala mfuko, hadi kwa somo. Wa mwisho alikuwa Mzee Selemani, kabla sijaota ndevu. Mpaka leo akipita na baiskeli yake kuna wanawake wazima, wenye wajukuu, wanaomwitia "Kokorikoo!" na yeye huinua kofia.

Sasa Bi Najiat alikuwa anamwoza binti yake Ijumaa, na somo wa ukoo wao ni Bi Asmahani tangu zamani. Jumamosi iliyotangulia alikwenda kumwambia jambo lililomtoa jasho.

"Somo wangu, nakupenda na unajua. Lakini mwanangu hawezi kufundwa kwa mnong'ono. Ngoma ikilia, nani atakusikia? Watu wananiambia nimchukue Bi Amne."

Bi Amne ni somo wa kisasa. Anakuja na spika mbili, maikrofoni, na nyimbo ambazo zimeshapigwa redioni. Sina ugomvi naye. Lakini akiingia yeye nyumba hiyo, nyumba nyingine zitafuata, na nyimbo za Bi Tunu zitazikwa pamoja na koo la Bi Asmahani. Hakuwa na binti, na wanawake aliowafunda wanakumbuka kila mmoja ubeti mmoja mmoja.

"Nipe mpaka Jumatano," Bi Asmahani akanong'ona. "Nisipoweza, mchukue."

Alichokuwa nacho ni kanda nne. Bi Tunu alijirekodi mwenyewe, blanketi zimeangikwa mlangoni, sauti yake yote. Bi Asmahani alikuwa ameshazihamishia kwenye laptop kwa waya mmoja na uvumilivu mwingi. Akaja kibandani kwangu na shida yake, na nasema kweli, sijawahi kupewa kazi ya namna ile.

Alitaka kila mwanamke uani aweke simu sikioni, amsikie Bi Tunu, aimbe. Spika hataki, sisi wa mbele tutasikia. Kurusha kwenye WhatsApp hataki kabisa. "Nikimtumia Mwanne saa nne," akasema, akimtaja mke wangu, "saa tano ziko kwa madereva wa bodaboda." Alitaka nyimbo zikae ndani ya nyumba, mtu azisikie akiwa uani, akitoka nje ya geti azikose.

Programu ya kazi hiyo ninayo, ya bure, ila inakaa kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Nikamwambia tutaifuta Windows tuweke Linux. Akanitazama kama nimetaka kumchinjia mbuzi wa watu.

"Na maua yangu?"

Programu yake ya darizi haitambui kitu kingine zaidi ya Windows. Basi nikamweleza njia ya tatu: Linux inaweza kuishi ndani ya Windows, kama mpangaji katika nyumba ya mtu. Windows inabaki mwenye nyumba, maua hayaguswi, na mpangaji anapewa chumba cha ndani afanye shughuli zake.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akanong'ona. "Lete huyo mpangaji."

Nilidhani atanikabidhi laptop. Thubutu! Nyimbo zimo humo, na mimi ni mwanamume. Tukakubaliana hivi: yeye atakaa chumbani na laptop mapajani, pazia limeshushwa, na mimi nitakaa kibarazani chini ya dirisha nimtajie cha kuandika. Tatizo likaonekana katika dakika ya kwanza. Yeye alinisikia, mimi sikumsikia. Akatafuta dawa haraka: tondoo yake ya kushonea, kile kikofia cha chuma cha kidole. Akiigonga kwenye nondo ya dirisha mara moja, amemaliza. Mara mbili, rudia. Mara tatu, nyamaza kuna mtu anapita.

Ile ya tatu hakuitumia ipasavyo. Jumapili asubuhi nzima Isevya ilinisikia nikipiga kelele peke yangu ukutani: "Sudo! Nafasi! Apt! Nafasi! Update!" Mzee Selemani akashuka kwenye baiskeli.

"Nurdini, baba, unamsomea nani?"

"Natengeneza kompyuta, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Iko ndani."

Akanishika bega kwa huruma, akaondoka polepole akitazama nyuma.

Mpangaji aliingia bila matata, ukiacha bando langu aliloteketeza. Mashine ikajizima, ikawaka, ikamwuliza Bi Asmahani ampe jina na neno la siri. Hapo nikajiandaa, maana hapo ndipo wateja wote hunisumbua: ukiandika neno la siri kwenye Linux hakuna kinachoonekana, hata nukta. Wengi hudhani kibodi imekufa. Nikangoja zile gonga mbili. Ikaja moja, kisha pazia likafunuka kidogo.

"Huyu ana adabu," akanong'ona. "Haonyeshi."

Kila nilichotaja alikiandika kwanza kwenye daftari lake la mifano ya darizi, ndipo akaandika kwenye mashine. Na kila mstari alidai maana yake. Nilimweleza kwa kifupi, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwanafunzi. Kidato cha nne nilikuwa nimekisahau.

Kwa majaribio, nyimbo marufuku. Alimrekodi jogoo wake wa uani, akamweka mahali pa nyimbo. Kwenye laptop yenyewe jogoo akawika vizuri. Nikatoa simu yangu pale kibarazani, nimeunganishwa kwenye Wi-Fi ya nyumba ile ile, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nilikuwa nalijua hilo. Mpangaji wa ndani ana anwani anayoijua mwenye nyumba peke yake. Simu ikija inabisha mlango wa mbele, kwa Windows, na Windows inajibu haimjui mtu huyo. Nikamtajia Bi Asmahani maneno ya kumwagiza Windows: atakayebisha mlango namba 8080 umpeleke chumba cha ndani. Kisha tukamwambia na mlinzi wa Windows asiwafukuze wageni hao. Jogoo akawika mkononi mwangu. Ndani nikasikia tondoo ikigonga bila hesabu, na hiyo ilikuwa furaha.

Jumatatu umeme ukakatika kwa muda, ukarudi. Laptop, ambayo betri yake ilikuwa imechoka, ikawashwa upya. Jogoo hakuwika.

Nilimweleza kwamba mpangaji huyu akilala na kuamka hupewa anwani nyingine, kwa hiyo Windows inawapeleka wageni chumba alichokwisha kuhama. "Si kitu," nikasema, "kila ukiwasha utanifuata, nitakutajia anwani mpya." Nakiri kwamba niliona raha kidogo kusema hivyo. Fundi hupenda kufuatwa.

Gonga mbili. Sikuwa nimesema lolote la kurudia. Gonga mbili tena, kali.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, alinikuta kibandani. Alikuwa amesoma. Simu yake, miwani yake, Kiingereza chake cha kidato cha nne. Akafungua daftari akanionyesha mistari miwili aliyoiandika kwa mkono, mwandiko wa kudarizi: kuna namna ya kumwambia mpangaji atumie anwani ile ile ya mwenye nyumba. Faili dogo tu, mstari mmoja wa kichwa na mmoja wa agizo.

"Wavae sare," akanong'ona. "Doti moja, wakate katikati, huyu kipande na huyu kipande. Mgeni akija hajui yupi ni yupi. Kwa nini hukuniambia?"

Nilijifanya nakohoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia habari hiyo lakini sijawahi kuijaribu. Tukarudi kwenye pazia letu, tukaijaribu. Mara ya kwanza ikakataa kwa sababu Notepad ililibandika faili mkia wa .txt, mkia huo aliuona yeye kabla sijamtajia. Akaukata, akamzima mpangaji, akamwamsha. Nikaongezea yangu kidogo ili nisionekane bure: nikamtajia maneno ya kumwambia mlinzi upya, na ruta nikaiagiza isimbadilishie laptop anwani. Tukazima kila kitu, tukawasha. Jogoo akawika. Tukazima tena, tukawasha. Akawika.

Hapo nilipaswa kuchukua ujira wangu na kwenda zangu. Lakini shetani ana kazi zake, na siku hiyo alikuwa na nafasi.

Fikirini. Nina miaka arobaini na mbili. Maisha yangu yote nimekaa mbele ya nyumba za harusi nikisikia ngoma bila maneno. Mke wangu Mwanne amefundwa kwa nyimbo hizo, na miaka kumi na tano nimemwuliza zinasema nini, naye hujibu, "Zinasema kula ugali unyamaze." Na sasa nyimbo ziko upande wa pili wa pazia, na mlango nimeujenga mimi.

Mlango wa 8080 ulikuwa na neno la siri ambalo Bi Asmahani angewapa wanawake kwa mdomo. Nikakaa kibarazani, nikasafisha koo.

"Mama, tufungue na mlango wa pili. Namba 8090."

Gonga mbili.

"Wa pili, mama. Wa akiba. Wa kwanza ukielemewa na simu nyingi, huu utasaidia. Hauhitaji neno la siri, maana ni wa dharura."

Nilisikia kalamu ikiandika kwenye daftari. Kisha gonga moja.

Jumatano Bi Najiat alikuja na dada zake wawili kwa majaribio. Mimi nilifukuzwa hadi kibandani. Kwa nusu saa nikasikia ngoma ndogo, taratibu, ikakolea, halafu ikanyamaza ghafla. Nikajua mtambo umekufa, na Bi Amne ameingia. Na hapo, niwe mkweli, sikuwaza mlango wangu wa akiba. Nilimwaza Bi Asmahani na kanda zake nne, nikaona uchungu.

Bi Najiat akatoka. Macho mekundu. Akasimama mbele ya kibanda changu.

"Bi Tunu ndiye aliyenifunda mimi," akasema. "Nimemsikia, Nurdini. Ameniita jina langu la utotoni, humo ndani ya wimbo. Kumbe alirekodi siku zile zile za kunifunda mimi." Akajifuta kwa mtandio. "Mwambie huyo Linux wako asije akathubutu kulala Alhamisi."

Ngoma ya ndani ikawa Alhamisi, baada ya alasiri, hapo hapo kwa Bi Asmahani penye mtambo. Mbele ya nyumba tulitandikiwa majamvi, tukaletewa kahawa na kashata, wazee wakazungumza bei ya mpunga. Uani zilijaa simu na wanawake kama arobaini, na Mwanne wangu miongoni mwao, amevaa sare ya kijani. Ngoma ikaanza. Nikangoja ikolee. Nikatoa simu, nikaweka kisikilizi kimoja kwenye sikio lililo upande wa ukuta, nikavuta kofia chini, nikaandika ile anwani na namba 8090.

Ukurasa ukafunguka. Wimbo mmoja tu. Nikabonyeza.

Jogoo akawika.

Nikadhani ni mabaki ya majaribio. Nikataka kurudi nyuma, jogoo akawika mara ya pili, halafu ikaja sauti, karibu mno, ndani ya sikio langu, ya kunong'ona:

"Nurdini mwanangu. Mlango wa dharura usio na ufunguo hujengwa na mwizi. Nimekuachia huu mmoja, wako peke yako. Namtaka mwekundu, mwenye mkia. Ijumaa, kabla ya adhuhuri."

Nilichomoa kisikilizi kwa kasi hadi nikamwaga kahawa. Mzee Selemani, aliyekaa karibu nami, akanitazama, akatazama simu, akatazama ukuta ambao nyuma yake ngoma ilikuwa ikilia. Alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye jamvi.

"Za mwizi arobaini," akasema kwa upole. "Mimi zangu zilikuwa kumi na mbili tu."

Uani ngoma iliendelea mpaka magharibi. Nilisikia mdundo na kutoka patupu, kama kawaida yangu. Ila safari hii nilijua kwamba chini ya mdundo ule, marehemu Bi Tunu alikuwa anaanzisha na wanawake arobaini wanapokea, na hakuna hata mmoja aliyepotea njia, na mtambo haukulala. Nilikuwa nimeumbuka, na nilifurahi. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Ijumaa nikamnunua mwekundu, mwenye mkia. Kutoka sokoni hadi kwa Bi Asmahani ni mwendo mfupi ukiwa huna jogoo. Nikiwa naye, kila mlango ulikuwa na mwanamke aliyekumbuka ghafla kufagia. "Kokorikoo!" Nikainua kofia kama nilivyomwona Mzee Selemani akifanya, na jogoo akatumia nafasi hiyo kuninyea kwenye shati.

Bi Asmahani alimpokea, akampima uzito, akamwachia uani. Akafungua daftari lake, akanionyesha mstari wa 8090. Ameukata kwa kalamu nyekundu.

"Kazi yako nzuri," akanong'ona. "Jumamosi ijayo nina bibi harusi Isikizya. Utakuja kuniwekea Wi-Fi. Mbele ya nyumba."

Nikarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Karibu na mlango wa jikoni nikasimama. Mwanne alikuwa anakaanga vitunguu, na chini ya mlio wa mafuta alikuwa anaimba. Si zile za redioni. Sauti ilikuwa ndogo, ikipanda na kushuka mahali nisipopategemea, na maneno sikuyashika, moja tu labda, la safari. Miaka kumi na tano sikuwahi kumsikia akiimba jikoni.

Nikasogea hatua moja. Kigae kikalia chini ya kiatu changu.

Mwanne akanyamaza. Akageuka, akatazama shati langu, akatabasamu, akaendelea kukoroga vitunguu vyake.

"Ugali utakuwa tayari sasa hivi," akasema.

Nikakaa, nikala, nikanyamaza.